Chupa Haifunguliwi kwa Mtoto Mmoja

Pale mtaani Rhonda, kona ya kinu cha posho, kuna taruma la reli lililolazwa juu ya mawe mawili, na juu ya taruma hilo nchi nzima huongozwa kila siku kuanzia saa nane mchana. Lilifikaje pale kutoka kwenye reli, hakuna anayeuliza, maana wengi wa wanaolikalia ni wana na wajukuu wa watu wa reli na wanaliona ni urithi wao. Yaseen huweka jiko lake pembeni, birika la kahawa chungu juu, tangawizi mpaka koo lilie, vikombe vidogo vinaoshwa kwenye ndoo moja. Mwenyekiti ni Makhanu, muuza viatu vya mitumba, ambaye watu humwita Spika kwa sababu hakuna anayeongea kabla yeye hajamaliza, na yeye huwa hamalizi. Kulia kwake hukaa Kipngetich wa bodaboda, jina la kijiweni Satelaiti, mtu anayeamini kwamba kila balaa ya duniani imeshushwa kutoka angani. Kushoto ni Joash, fundi wa baiskeli, anayeitwa Injini kwa kuwa akikasirika hutoa moshi kwanza ndipo maneno yafuate. Jumatano hiyo Injini alifika akiwa anatoa moshi tayari.

— Yaseen, nipe kahawa na usiniulize habari za nyumbani.

— Sijakuuliza, mzee.

— Basi nitakuambia. Mke wa Jerry amepeleka mtoto kliniki tena leo. Kila Jumatano anaenda, kila Jumatano anarudi na mtoto vile alienda naye. Ati rudi wiki ijayo. Akeyo amepita miezi tisa, chanjo ya surua hajaonja, na hapa nyuma ya kanisa kuna watoto wamelazwa na surua! Nyinyi mnajua surua, ama mnaisikia tu?

Joash aliijua. Iliwahi kuingia katika nyumba za reli walikozaliwa, ikamkuta mdogo wake waliyekuwa wakilala kitanda kimoja, na asubuhi moja Joash akahamishiwa kwa jirani bila kuambiwa kwa nini. Alikuwa mdogo lakini alielewa kwamba hatamwona tena. Tangu hapo ugonjwa huo aliuogopa kuliko mwizi, kuliko polisi, kuliko njaa. Jerry mwanawe alikuwa kwenye mashamba ya maua Naivasha, mke na mtoto amemwachia yeye, na huyo Akeyo ndiye mjukuu wake wa pekee.

Spika alirekebisha kofia yake.

— Injini, tulia. Kikao kimefunguliwa. Swali lililo mbele yetu ni moja: chanjo ya nchi hii imeenda wapi?

— Imekuliwa! Joash alisema.

— Chanjo hailiwi, mzee, Yaseen alisema huku akimimina. Inadungwa.

— Pesa yake ndiyo inaliwa. Corona ilikuja hapa, tukafungiwa kama kuku, ikifika saa ya kafyu polisi wanatutandika mpaka mlangoni. Na wao huko juu wanakopa kwa jina letu. Wakanunua barakoa. Wewe Satelaiti, ulipewa barakoa gani?

— Mimi nilivaa ya leso. Mama watoto ndiye alinishonea.

— Umeona! Mtu anavaa leso ya bibi yake na hiyo deni atalipa mpaka wajukuu!

— Lakini dozi zilikuja, Satelaiti alisema, akiinama mbele kama mtu anayetaka kutoa siri ambayo ameshaitoa mara nyingi. Zilikuja nyingi. Shida ni vile zilikaa mpaka zikaharibika. Sasa jiulizeni, zilitupwa wapi?

— Wapi?

— Menengai. Ndani kabisa ya shimo la volkano. Ile mvuke mnaona asubuhi, mnadhani ni ya mitambo ya stima peke yake?

Spika alifikiri kidogo, akaona hoja hiyo haina madhara kwa uenyekiti wake, akairuhusu ipite.

— Na ikajaa huko, Satelaiti aliendelea, ikapitia chini kwa chini mpaka ziwani. Ziwa letu lilifura hadi likameza nyumba za watu. Lilifura kwa nini? Halafu flamingo wakahama. Walihama kwa nini? Walionja hayo maji wakajua kuna kitu.

— Flamingo anaogopa sindano? Yaseen aliuliza.

— Wewe uza kahawa.

— Nauza. Nimeuliza tu.

— Na hiyo dozi yenyewe ilikuwa na kidude, kinaongea na satelaiti. Ukidungwa, wazungu wanajua umelala wapi na umeamka wapi.

— Satelaiti, wewe kila asubuhi unabeba viazi kutoka Dundori mpaka sokoni, Joash alisema. Hata mbwa wa barabarani wanajua ratiba yako. Hao wazungu wakijua wapate nini?

— Data.

— Data ya nini?

— Ya viazi.

Watu wawili waliokuwa wamepanga foleni ya kinu walicheka, na hata Joash alikaribia kucheka, lakini Spika hakucheka. Alikuwa ameweka kikombe chini na kukitazama.

— Nyinyi mnafanya mchezo, alisema. Mimi sina mchezo na hii maneno. Ndugu yangu Masinde alikufa amekalia kiti cha plastiki. Kiti! Tumemfikisha hospitali anavuta pumzi kama mtu amebeba gunia, tunaambiwa oksijeni imeisha, ngojeni. Na redio hapo kwa askari wa geti inasema mitungi imenunuliwa ya nchi nzima. Inasema hivyo Masinde akisikia. Akaniangalia. Halafu tukamzika kama mwizi, watu wamevaa nguo za plastiki wanatuambia haraka, haraka, hata kulia tulinyimwa.

Hadithi hiyo walikuwa wameisikia tena na tena, na kila mara ilikuwa inawaumiza upya, kwa sababu ilikuwa kweli na hakuna mtu aliyewahi kuitolea jibu. Hata Satelaiti alitoa kofia.

— Siku hiyo niliapa, Spika aliendelea. Hakuna mtu wa nyumba yangu atanyoshea serikali mkono adungwe. Iwe ya Corona, iwe ya surua, iwe ya ng'ombe. Mapacha wa kijana yangu wako hapo nyumbani, wanatambaa, wana afya. Na hawaendi kliniki ya mtu.

— Hata wangu, Satelaiti alisema. Mama yake alikuwa amemfunga mgongoni tayari, nikamwambia ukienda huko na mtoto wangu, usirudi kwangu.

Joash alijipiga paja kwa kofi lililosikika mpaka ndani ya kinu.

— Sawa kabisa! Hao watu hawafai kuguza watoto wetu! Mpaka watuambie pesa ilienda wapi, wakae na kliniki yao tupu!

— Lakini mzee, Yaseen alisema polepole, si wako anaenda?

— Wangu ni lazima. Surua mimi siijui kwa redio. Lakini hawa wako na haki yao, na mimi niko nyuma yao.

Alisema hivyo kwa moyo wake wote na hakuona tatizo lolote. Aliomba kikombe cha pili.

Hapo ndipo Nerima alipotokea, Akeyo mgongoni. Kwa kawaida mke wa Jerry hakukanyaga kijiweni. Akiwa na neno na baba mkwe wake, alisimama ng'ambo ya barabara, akamwita Yaseen, na Yaseen akawa mjumbe. Hiyo ndiyo heshima aliyolelewa nayo kwao, na Joash aliipenda. Leo alivuka barabara moja kwa moja, vumbi mpaka magotini, akasimama mbele ya taruma.

— Habari zenu, wababa.

— Wamesema hakuna? Joash aliuliza. Sema mbele ya watu wote wasikie. Hakuna, eh?

— Iko, baba.

— Nini iko?

— Chanjo. Imekuwa huko mwezi wote. Leo nilikataa kutoka, nikamwambia nesi lazima aniambie ukweli. Akafungua friji akanionyesha. Nimeiona na macho yangu. Akairudisha.

— Akairudisha! Na mtoto umembeba hapo!

— Chupa moja ni ya watoto kumi, baba. Ikishafunguliwa haifiki kesho, ile inabaki inamwagwa. Na amri imetoka juu, wasimwage. Ati tangu zile za Corona ziharibike stoo, wakubwa wanataka kila chupa ielezwe imeenda wapi. Sasa watoto wakiwa wachache hafungui. Leo tumekaa tangu asubuhi, tulikuwa wanne tu.

Joash aliinuka, akakaa, akainuka tena.

— Mnasikia? Mnasikia hawa watu? Wameharibu dozi za nchi nzima na hakuna mkubwa hata mmoja amelala ndani, halafu ubahili wanaanza nao leo, kwa Akeyo! Tone la dawa! Wanamhesabia mtoto tone!

— Hiyo ndiyo serikali, Spika alisema, na sauti yake ilikuwa imepata nguvu tena. Hiyo ndiyo ile niliwaambia. Mtoto afe lakini chupa ielezwe.

— Wanapima kama tutavumilia, Satelaiti aliongeza.

Nerima aliwangoja wamalize. Alikuwa amechoka na hakuwa amekuja kubishana. Akeyo alikuwa ameamka, anavuta pindo la leso ya mama yake na kulitia mdomoni.

— Nesi ametuuliza kitu na sisi wote tukashindwa kujibu, alisema. Ameuliza, mbona ploti hizi za kupangisha zimejaa watoto na kliniki inakuja wale wale wanne? Wengine wako wapi? Nikamwambia nitauliza wababa wa kwa kinu, kwa sababu nyinyi ndio mnajua mambo ya hapa. Anafunga saa kumi. Amesema hata wakiongezeka wawili watatu, atafungua chupa, liwe liwalo, atajieleza mwenyewe.

Hakukuwa na dhihaka katika sauti yake. Aliuliza tu, akawatazama mmoja mmoja, akingoja kuambiwa.

Satelaiti alianza kusafisha kioo cha pikipiki kwa mkono wa koti. Yaseen alichochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa. Joash alifungua mdomo amwambie mkaza mwanawe kwamba watoto hawapo, kwamba labda wamepelekwa mashambani, halafu akaweka kikombe chini. Alijua walipo. Alikuwa ameambiwa robo saa iliyopita, na alikuwa amejipiga paja. Ijumaa iliyopita alijipiga paja vilevile, na wiki ile nyingine pia. Kila Jumatano Akeyo aliporudi bila chanjo, alirudishwa na maneno ambayo babu yake aliyashangilia akiwa na kahawa mkononi. Aibu ilimpanda, na nyuma ya aibu ikaja hasira, na safari hii hakujua aielekeze juu au kando yake.

— Spika, alisema. Umeulizwa.

— Binti, haya mambo ni makubwa. Ukitazama bajeti ya afya, serikali ilipaswa...

— Hajauliza serikali. Ameuliza watoto.

— Injini, mimi nilizika Masinde.

— Nilikuwa pale. Nilishika jeneza na mikono hii, na wewe unajua. Masinde alikosa oksijeni kwa sababu yao. Hilo nitasema mpaka nife. Lakini Akeyo akishikwa na surua itakuwa ni yao, na ni yako, na ni yangu mimi niliyekuwa nakupigia makofi hapa kama mjinga!

— Niliapa mbele ya watu. Mimi ni mkubwa wa nyumba yangu. Nitageuka leo niseme nini?

— Sema chochote! Wewe si ndiye hushindwi kusema?

Pikipiki iliwaka. Satelaiti aliondoka bila kuaga, na kama alienda kumchukua mtoto au alikimbia swali, hakuna aliyejua. Spika alibaki akitazama viatu vyake vya mitumba kwenye turubai. Joash alimtazama kidogo, akaona hakuna cha kungoja.

— Nifuate, alimwambia Nerima.

Ploti ya Spika ilikuwa ng'ambo ya kinu, geti la mabati lililo wazi, mlango wa tatu. Joash alibisha kwa ngumi. Wariara, mke wa mwana wa Spika, alifungua nusu, mikono ina povu la sabuni. Nyuma yake mapacha walikuwa sakafuni, mmoja anang'ang'ania kiatu, mwingine anamnyang'anya. Joash alieleza kwa haraka, maneno yakigongana: chupa, watoto kumi, saa kumi. Wariara alisikiliza bila kumkatiza. Kabla Joash hajamaliza alikuwa ameshafuta mikono kwenye sketi na kuvuta leso mbili za kubebea watoto kutoka kwenye kamba. Halafu akasimama nazo mkononi.

— Baba amekubali?

Joash aligeuka. Spika alikuwa amewafuata mpaka getini, na hapo akakwama, mikono nyuma, kofia imeshuka machoni. Wenye foleni ya kinu walikuwa wamegeuka pia, na magunia yao miguuni.

— Makhanu! Joash aliita, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwita kwa jina lake. Huyu msichana anauliza kama umekubali!

Mapacha walisikia kelele wakaacha kugombania kiatu. Wariara alikuwa bado ameshika zile leso, anamtazama mkwewe usoni, anangoja.

— Umekubali au hukukubali? Jibu!

Spika alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akasogea kando ya geti ampishe Wariara.