Mervyn Trezise na Tangi Asilolichagua

Ijumaa, tarehe 28 Juni, baada ya miaka thelathini na minne kwenye sehemu ya pampu, mipira ya maji na matangi, Mervyn Trezise anastaafu kutoka duka letu la ushirika hapa Wirrabilla. Kamati imeniomba mimi, Janine Skuthorpe, niandike maneno ya furaha. Nitajitahidi, ingawa tumesimama naye kaunta moja tangu niajiriwe, na kuna siku nilitamani kumfungia stoo.

Merv alianza kwa kupakia magunia ya mbegu, akapanda hadi kuwa mkuu wa sehemu. Mkulima aliyetaka kujipikia dizeli nyumbani kwa mafuta ya kukaangia yaliyokwisha kutumika hakuondoka bila kusailiwa. Mafuta yako yanatoka wapi? Utayapashaje moto? Pampu hiyo ikitoa cheche banda likiwa limejaa mvuke wa methanoli, ile spiriti ya kuchanganyia, mkeo atazika nini? Tangi la alumini alikataa kuliuza kwa kazi hiyo, kwa kuwa ile soda kali inayochanganywa na mafuta hulila. Wengine walikasirika wakaenda kununua mjini, na meneja akaniuliza mimi kwa nini mauzo yameshuka. Lakini hakuna banda hata moja wilayani lililoungua, na sifa hiyo ni yake.

Sasa, kinyozi hajinyoi. Miaka minane iliyopita, wakati wa chai ya saa nne, Merv alitangaza kwamba siku akistaafu atalifunga karavani, ile nyumba ya magurudumu, nyuma ya gari lake kuukuu na kumzungusha mkewe Glenys nchi nzima, kwa dizeli aliyoipika mwenyewe. Aliapa kuwa safari hiyo hatainunulia hata lita moja. Tulipiga makofi, maana wastaafu wote wa hapa husema wataondoka na karavani. Kazi ni kuondoka.

Katika jaribio la kwanza alitumia hita ya maji aliyoiokota jalalani, na mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, kwa sababu alipenda kutazama mafuta yakitembea. Mafuta aliyapata kwa Con Vlahos, mwenye duka la samaki na chipsi. Mtu aliyemsaili kila mkulima hakumuuliza Con chochote, na Con, kama muuza chipsi yeyote anayejiheshimu, hukaangia mafuta ya ng'ombe. Asubuhi ya kwanza ya jalidi, mwezi wa Julai, yakaganda ndani ya mpira na ndani ya pampu. Merv alijaribu kuyayeyusha kwa mashine ya Glenys ya kukaushia nywele hadi mashine ikaungua.

"Si ungeniuliza, ndugu yangu?" Con alimwambia hapa kaunta, akishika mbavu. "Hata watoto wa chekechea wanajua nakaangia nini."

Hapo ndipo mateso yetu yalipoanza. Merv alisema kosa ni la vifaa. Tangi lenye kitako bapa halitoi mashapo vizuri. Lenye kitako cha faneli linafaa, ila miguu yake mifupi, ndoo haiingii chini. Lile la chuma kisichoshika kutu ni zuri, koki yake mbovu. Kila wakala wa matangi aliyepita alikaa naye mpaka chai ikapoa, na Merv hakununua kitu. Wakati huo huo mapipa ya mafuta aliyochukua kwa Con yalijaa banda lake, yakahamia ndani ya karavani, na karavani likanuka samaki mpaka kwenye magodoro.

Tungeendelea kucheka kama si macho ya Glenys. Mwaka jana daktari alimwambia yanafifia, na yakienda hayarudi. Glenys anataka kitu kimoja tu: kuyaona maua ya porini kule magharibi, yanapofunika ardhi mwezi wa Agosti, kabla hajashindwa kuyaona. Merv alilijua hilo. Akamwita wakala mwingine wa matangi. Nilimkasirikia, na sioni haya kuliandika.

Mwezi uliopita Glenys aliingia dukani saa ya chai na sahani ya keki za nazi. Akaiweka kaunta, akasimama mbele ya matangi.

"Merv, nionyeshe lililo zuri."

"Bado, mpenzi. Hili hapa koki yake..."

"Mzee wangu, mwezi wa pili nilikuwa nauona uso wako wote. Sasa naona masikio tu. Macho yangu hayangoji koki."

Hakuna aliyegusa keki. Merv alivua aproni, akatoka, akalirudisha gari nyuma hadi kwenye pampu ya dizeli ya ushirika, akajaza matangi yote mawili ya gari. Akalipia kila lita. Jioni ile sote tulisaidia kuyatoa mapipa kwenye karavani, na magodoro tukayachoma. Zawadi yetu ya kuagana ni magodoro mapya, na Merv hakuruhusiwa kuyachagua.

Wanaondoka Jumatatu. Merv, asante kwa mabanda yaliyosalimika na kwa kutuchosha kwa uaminifu miaka yote hii. Tunawatakia safari ya heri na maisha mema. Ukiona tangi kando ya barabara, usisimame. Glenys akiona ua, simama.