Papa André Mwenze na Karatasi ya Matukio

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Papa André Mwenze anastaafu kutoka Atelye Mapalo, karakana yetu. Aliingia kwa kufunga upya koili za mota zilizoungua. Anatoka akiwa mtunzaji wa Karatasi ya Matukio, cheo ambacho hakimo katika orodha yoyote ya kampuni, lakini bila ruhusa ya mwenye cheo hicho hakuna kisanduku kinachovuka mlango wetu.

Ni mtoto wa fundi wa reli wa Kamina, na bado hupanga bisibisi zake kwa urefu kama mabehewa. Huimba nyimbo za Misa anapolehemu. Akinyamaza katikati ya ubeti, sisi tuliomzoea tunajua kuna waya umewekwa vibaya.

Kwa familia zitakazosoma kijarida hiki, nieleze kwa ufupi. Visanduku tunavyotengeneza huongoza pampu, kengele na taa za hatari. Ndani ya kila kimoja mna kompyuta ndogo. Kila sehemu, iwe kitufe au boya linalopima maji ya tangi, ina programu inayoisikiliza, nayo tunaiita kiendeshi. Jambo likitokea, kiendeshi hutangaza namba, na kisanduku hutenda kufuatana na namba hiyo.

Zamani kila fundi alijichagulia namba zake. Hapo ndipo anapoingia fundi mwenzetu Paulin.

Miaka kumi na sita iliyopita tulifunga kisanduku katika nyumba moja ya uzazi, njia ya Kipushi. Kilisimamia kengele ya geti na pampu ya tangi. Paulin aliandika kiendeshi cha kengele, akakipa tukio lake namba saba. Mwenzake aliandika cha boya, naye akaipenda saba. Matokeo yake, kila mgeni aliyebonyeza kengele alitangaza kwamba tangi ni tupu, na pampu ikaanza. Saa za kutazama wagonjwa ua ulijaa maji, bata wa jirani wakahamia. Na tangi lilipokauka kweli, kengele ililia getini pasipo mtu. Mlinzi alifungua mara nne, ya tano akaenda kumwita padri.

Tulicheka mpaka siku pampu ilipoungua na akina mama wakakosa maji tangu asubuhi hadi jioni. Papa André alibeba bidoni za maji kwa baiskeli yake, safari kumi na moja. Hakumgombeza mtu. Aliporudi, shati limelowa, aliomba karatasi moja kubwa na kalamu.

Karatasi hiyo ndiyo tunayotumia sote hadi leo, ingawa sasa imo pia katika kompyuta. Kila tukio lina mstari mmoja wenye jina, namba isiyorudiwa, muda wa kutulia, na neno linalosema kama tukio hilo laweza kuamsha mashine iliyolala. Mwandishi wa kiendeshi chochote huchukua humo, habuni chake. Kufikia Mei ilikuwa na mistari mia mbili na kumi na minne, na visanduku vyetu vinaelewana toka Kipushi hadi Mitwaba. Sisi tuliohama mara nyingi kuliko tulivyotaka tunajua thamani ya kitu kilichoandikwa mahali pamoja.

Sheria yake kubwa ilitutoa jasho: andika kilichotokea, usiandike unachotaka kifanyike. Abigaïl, mkuu wetu wa majaribio, alipoleta mstari wa kwanza, "Fungua geti," Papa André aliusukuma nyuma.

"Mama, hii iko amri. Mi nakuuliza, njo nini ilifika?"

"Bon, muntu alibonyeza kengele."

"Voilà. Andika ile. Geti, tutaona kesho."

Muda wa kutulia ulikuwa furaha yake. Kitufe kikibonyezwa hutetemeka, na kompyuta yaweza kuhesabu mibonyezo saba badala ya mmoja, hivyo tunaiagiza isubiri kidogo kabla ya kuamini. Amri za wakurugenzi yeye alizipa siku mbili za kutulia. Nusu yazo zilifutwa na wenyewe kabla hajanyanyuka kitini.

Lakini tangu Januari alikuwa na wasiwasi. Juu ya Karatasi kuna mstari wa Mtunzaji, na anayeandikwa hapo ndiye hupigiwa simu mambo yakiharibika. Alitangaza kwamba haondoki mstari huo ukiwa mtupu, kwa maana mwaka mmoja bila mtunzaji ungeturudisha kwenye namba saba. Machi ikapita. Mei ikapita. Kila aliyeulizwa alikumbuka ugonjwa wa mgongo.

Jumatatu iliyopita alikuja na kifutio, afute jina lake hata hivyo. Akakuta chini yake limeandikwa jina la Paulin, yule aliyeidhihaki Karatasi kwa kuiita "katekisimu" miaka kumi na sita, kwa mwandiko wa mtu aliyefikiri sana.

"Papa, shika kifutio yako," Paulin alimwambia. "Weye mwenyewe uliandika: kintu yenye bantu bangali natumikisha, hatufutake."

Ni kweli, ndiyo sheria ya mwisho ya Karatasi: kitu ambacho watu bado wanakitumia hakifutwi. Tukio la zamani huwekewa alama, lisitumike katika vifaa vipya, lakini huachwa mahali pake. Basi Paulin alikuwa amemwandikia mstari wake, wa mia mbili na kumi na tano:

Jina: Papa André amepigiwa simu. Muda wa kutulia: siku mbili. Huamsha: hapana.

Papa André aliusoma mara mbili. Akafuta neno moja tu, akaandika lake: "Huamsha: ndiyo, kama ni maji ya akina mama."

Asante, Papa André, kwa kazi na kwa subira. Wewe na mkeo, Mama Germaine, mpate asubuhi ndefu zisizo na haraka. Paulin ameshaahidi kwamba simu yako italia mara chache.