Bernadina Tluway na Kipimo Kilichowekwa Kando

Wasikilizaji wapendwa, tumshukuru Mungu aliyetufikisha saa hii. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo ukae nasi. Kama uko dukani pale Maisaka, mhudumie mteja wako, kisha sogea karibu. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa kijiji cha Mutuka. Jina lake ni Bernadina Tluway. Wengi walimwita Mama Scola. Alizikwa Jumamosi iliyopita, na waliokuwapo makaburini wanajua kwamba watu walikuwa wachache. Tutasema kwa nini walikuwa wachache.

Bernadina alizaliwa juu Mbulu, akaolewa Mutuka akiwa binti. Alilima mahindi na mbaazi. Mumewe alipofariki, aliendelea kulima. Kanisani aliimba sauti ya pili, na alikuwa na ulimi. Padri akichelewa misa, alimwambia mbele ya watu, "Baba Padri, tulidhani umeshapaa mbinguni ukatuacha." Watu walicheka, na Padri naye alicheka.

Kuna mwaka mvua zilikuja wakati wa kuvuna. Wengi mnaukumbuka. Mahindi yalinyeshewa shambani, yakapukuchuliwa yakiwa na unyevu wake, yakatiwa kwenye magunia bila kukauka, maana hapakuwa na jua la kuanikia. Chini ya gunia, pale panapogusa sakafu, kuvu ikaanza. Wasikilizaji, kuna kuvu inayotoa sumu. Wataalamu huiita sumukuvu. Ukipika ugali, haiishi. Inaingia mwilini, inakwenda kwenye ini.

Mjukuu wa Bernadina, Brightness, mtoto wa binti yake Scola, alianza kutapika. Macho yakawa ya njano. Alipolazwa, daktari aliuliza, "Mnakula mahindi gani?" Bernadina akajibu, "Yetu." Daktari aliandika jibu hilo. Bernadina alirudi Mutuka na neno hilo moja kifuani. Yetu.

Wiki hiyo hiyo akaja kijana wa maabara, anaitwa Sosthenes. Watoto kadhaa walikuwa wameugua, na alitumwa kuchukua sampuli za mahindi nyumba kwa nyumba. Alikuja na bambo. Bambo mnalijua: kile kichuma kilichochongoka, chenye mfereji, wanachotobolea gunia sokoni ili punje zitiririke. Anayekuja na bambo ni mlanguzi. Anatoboa kwa sababu anashuku umefukia mabaya chini ukaweka mazuri juu. Lakini Sosthenes hakuwa mlanguzi. Alikuwa mgeni, mwenye adabu, aliyemwamkia kila mama shikamoo. Na mgeni kwetu hapewi mabaya. Anapewa yaliyopetwa na kuchambuliwa.

Jirani wa Bernadina, Hellen, Mama Brayson, alilitazama lile bambo akacheka. "Mwanangu, kwani umekuja kununua? Weka chini hicho kichuma. Ngoja nikupe mahindi ya kueleweka." Akachukua ungo. Akapeta, akachambua, akatoa punje nyeusi moja moja, akamjazia mfuko. Sosthenes akashukuru. Alijua anatakiwa kutoboa. Lakini utamtoboleaje mama gunia lake na chai yake bado iko mkononi mwako?

Nyumba iliyofuata, ungo. Na iliyofuata, ungo.

Alipofika kwa Bernadina, Hellen alikuwa amemsindikiza, pamoja na majirani wengine. Scola alikuwa mlangoni. Anasimulia hivi: "Mama alikuwa ameshashika ungo. Nikamwona amesimama nao tu, hasogei. Halafu akauweka chini. Akamwambia yule kijana, toboa. Toboa kule chini."

Zilitoka punje nyeusi, nyingine za kijani, zimeshikana kama tope. Harufu ikajaa uani. Hellen akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mama Scola, leo umevua nguo mbele ya mgeni."

Bernadina akajibu, "Mjukuu wangu yuko wodini, Mama Brayson. Nguo nitavaa baadaye."

Sasa tuyaeleze majibu polepole. Maabara ilipima sampuli ya kila nyumba. Zote zilikuwa chini ya kiwango cha hatari, isipokuwa moja. Hiyo moja ilikuwa juu mno. Katika kazi ya takwimu, kipimo kikisimama mbali namna hiyo na wenzake, mtu huuliza: je, ni kweli, au ni kosa? Huenda mfuko ulichafuka. Huenda mashine ilikosea. Swali hilo ni la haki kabisa, na jibu lake ni kurudi kupima tena. Hawakurudi. Walikiweka kando kipimo hicho, wakajumlisha vilivyobaki, wakatafuta wastani. Wastani ukawa salama. Tunarudia, wasikilizaji: kipimo pekee kilichotoka chini ya gunia ndicho kilichowekwa kando.

Mkutano ukaitwa. Sosthenes akasoma kwamba mahindi ya Mutuka ni salama kwa chakula. Watu wakapiga makofi. Alipotaja kwamba kipimo kimoja hakikuhesabiwa, Bernadina akasimama.

"Hicho kimoja ni cha nani, mwanangu?"

"Mama, hatutaji majina."

"Ni changu. Mmekiacha kwa nini?"

"Kimejitenga sana na vingine, mama. Tunadhani kuna kosa mahali."

Mtu mmoja akasema kutoka nyuma, "Kosa ni kutofagia stoo." Mkutano wote ukacheka.

Bernadina alibaki na neno moja tu la kusema: wenzangu wote walitoa ya kwenye ungo. Akamwangalia Hellen. Hellen naye akamwangalia. Hellen ndiye aliyemsimamia Scola ubatizo. Hellen ndiye aliyelala naye matanga ya mumewe. Bernadina alikuwa ameshajiaibisha mwenyewe. Kumwaibisha Hellen mbele ya watu wote hakuweza. Mama yule mwenye ulimi akakaa chini.

Na watu wakaendelea kula.

Neno lile halikumpa usingizi. Jumapili moja, baada ya misa, aliteremka hadi Bagara alikopanga Sosthenes. Alimwita pembeni. "Mwanangu, wewe hukupima magunia. Ulipima ungo."

Tulimtafuta Sosthenes, na hakujificha. "Nilijua tangu nyumba ya kwanza," anasema. "Nilikuwa nasubiri mtu mwingine aseme." Aliwapelekea wakubwa wake habari ile. Wakasema watapima upya. Kibali cha kazi hiyo kikakaa mezani.

Kabla hakijatoka, Brayson, mtoto wa Hellen, alifariki. Macho ya njano, tumbo limejaa maji. Brightness alipona, Brayson hakupona.

Ndipo bambo likaingia katika kila gunia la Mutuka, na sumu ikaonekana nyumba nyingi. Mahindi yakachomwa moto. Wanunuzi wakasema hawataki mahindi ya Mutuka, hata yale ya mwaka uliofuata, yaliyokauka vizuri. Na kila mtu alijua ni nani aliyekwenda Bagara. Jumuiya yake ya kanisani ikaacha kusali nyumbani kwake. Alipoleta kuni kwenye arobaini ya Brayson, aliambiwa kuni zipo. Akazibeba akarudi nazo.

Bernadina aliishi hivyo mpaka alipougua. Amefariki kwa ugonjwa wa ini. Daktari hakutaja mahindi, na sisi hatutayataja kwa niaba yake. Scola anasema, "Kila jioni kwenye rozari alimtaja Brayson kwanza, ndipo atutaje sisi. Mimi nilifika mahali nikachoka kulisikia hilo jina. Yeye hakuchoka."

Tulikwenda pia kwa Hellen. Hakutukaribisha ndani, na hatumlaumu. Alisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa. "Ninyi mnasema alisema ukweli," alituambia. "Alichelewa. Siku ile mkutanoni aliniangalia, na alikuwa anajua. Angenitaja pale pale, mwanangu angekuwa hai."

Tulimfikishia Scola maneno hayo. Aliendelea kukung'uta jamvi walilokalia waombolezaji. Kisha akasema, "Angemtaja siku ile, wangemchukia siku ile. Mnadhani wangefungua magunia?"

Wasikilizaji wapendwa, swali la Scola tumelipeleka kwenye sala, na sasa tunalikabidhi kwenu.

Tunatoa pole kwa Scola, kwa Brightness ambaye sasa yuko shuleni, na kwa ukoo wote wa Tluway kule Mbulu. Pole na kwako, Mama Brayson, hata kama hukutaka kuisikia kutoka kwetu. Mwenyezi Mungu awapokee Bernadina na Brayson, na sisi tuliobaki atuhurumie.

Kabla hujarudi kwenye shughuli zako, mfikirie jirani yako mmoja, yule mnayeaminiana sana. Jiulize ni jambo gani analijua na anaogopa kulisema mbele yako. Kisha jiulize umemfanyia nini mpaka akaogopa.