Mzee Uwesu na Wageni wa Mwisho wa Tangi la Mapokezi

Sasa hivi mwanangu Paskalina amebandika shavu kwenye kioo cha tangi la samaki hapa mapokezi, akapuliza pumzi mpaka kioo kikafanya ukungu, halafu akaufuta kwa kiganja ili aone vizuri. Anamtafuta kikande, samaki wetu mkubwa, ambaye tangu asubuhi amejificha nyuma ya jiwe. Mzee Uwesu amesimama nyuma ya mtoto, mikono mgongoni, wala hamkatazi kushika kioo. Miaka yote alikuwa anamkataza kila mtu, hata mwenye hoteli.

Mzee Uwesu Hafidhi anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti, baada ya kuitumikia Hoteli ya Marijani kwa miaka ishirini na tisa. Meneja wetu, Bwana Gaudens, ameniomba mimi Ritha wa usafi niandike maneno ya kijitabu cha hafla, kwa sababu mimi ndiye ninayeshinda naye hapa chini. Nikamwambia mimi niliishia darasa la saba. Akasema, "Mzee mwenyewe aliishia la nne, mtaelewana tu."

Alianza kazi akiwa mbeba mizigo. Wageni wetu wengi ni wafanyabiashara wa kutoka Lubumbashi, Moroni na Lusaka, wanaokuja Kariakoo kufunga mzigo, na hoteli ina ghorofa nne bila lifti. Waliomkuta enzi hizo wanasema alikuwa anapanda na robota la vitenge kichwani huku anaongea na mwenye mzigo habari za mpira, mgeni ndiye anayehema.

Kisha mwenye hoteli akaleta tangi la maji chumvi, kubwa kama kitanda cha sita kwa sita kilichosimamishwa ubavu. Alitaka mgeni akitoka kwenye vumbi la Msimbazi aingie aone bahari. Hakuna aliyejua litatunzwaje. Wakamtazama Uwesu. Wewe mtu wa Mafia, wakamwambia, mambo ya bahari unayajua. Mzee husimulia hili akicheka, maana anasema Mafia yenyewe aliondoka akiwa mdogo, na baharini alikuwa anaogopa kuingia kupita magoti.

Alijifunza taratibu. Kila baada ya muda hupanda pikapu kwenda ng'ambo ya Kigamboni kujaza mapipa ya maji ya bahari. Umeme ukikatika na pampu ya hewa ikasimama, huchukua jagi, huchota maji tangini na kuyamimina tena kutoka juu, huchota na kumimina, ili samaki wapate pumzi. Akichoka mkono humpa jagi mgeni aliye karibu. Nimewaona matajiri wa vitenge wakimimina maji huku shati limelowa, hawathubutu kuacha.

Mgeni mmoja wa Lubumbashi aliwahi kusimama naye pale kwenye kioo akamuuliza, "Huyu mkubwa kilo shilingi ngapi?"

"Hauzwi," Mzee akamjibu. "Huyu ni mfanyakazi mwenzangu. Hajapewa kitambulisho tu."

Mkubwa mwenyewe ni huyo kikande. Kwa asiyemjua, ni samaki bapa mwenye meno kama ya binadamu, na akifungua mgongo wake hutoa mwiba unaosimama wima. Aliletwa akiwa mdogo, saizi ya kiberiti. Sasa ni saizi ya sahani ya pilau. Anamjua Mzee kwa hatua zake. Akisikia kandambili zake tu, anakuja juu.

Ila ni samaki mwenye roho ngumu. Miaka mitatu iliyopita hoteli ilinunua samaki wadogo wa rangi rangi, wazuri kama shanga, wakamiminwa tangini kama mtu anayemimina maharage kwenye sufuria. Mzee alikuwa likizo, amefiwa na mkewe Bi. Fatuma. Aliporudi kazini kutoka matangani alikuta mapezi tu yanaelea. Tangu siku hiyo kikande amekaa peke yake katika maji yote yale. Na Mzee naye akirudi Ilala jioni, nyumbani hakuna wa kumfungulia mlango.

Mimi niliajiriwa baada ya hapo. Nimetoka Masasi, hapa mjini sina ndugu, na mtoto nakuja naye kazini kwa sababu sina wa kumwachia. Idd ya mwaka jana nilikuwa zamu, hoteli tupu, wageni wote wamekwenda kwa watu wao. Mara Mzee Uwesu akaingia na kanzu yake nyeupe, siku ambayo hakuwa na zamu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akasema amepita kumpa kikande mkono wa Idd. Alikuwa na tende mfukoni. Tulikula watatu, mimi, yeye na Paskalina, tumekaa kwenye ngazi tunatazama tangi. Siku nyingine mtu hahitaji maneno, anahitaji kuwa na watu tu.

Mwaka huu likaja jambo. Mwenye hoteli alisema tangi zima kwa samaki mmoja mwenye hasira halina maana, na Mzee akiondoka hakuna wa kulitunza. Kama hadi siku ya kumuaga hakutakuwa na samaki wengine wanaokaa na kula pamoja na huyu, tangi litamwagwa, na sehemu hii itakatwa fremu ya kuuzia kava za simu. Kuhusu kikande, Bwana Gaudens alisema wali wa nazi utahusika. Alikuwa anatania, lakini Mzee hakucheka.

Akamwendea mwenye hoteli mwenyewe. Akamwambia atamtafutia kikande wenzake, na wakikubaliana, tangi apewe Ritha. Mimi nilikuwa napiga deki pale pale. Nilisikia jina langu nikaendelea kupiga deki sehemu ambayo ilishakauka.

Tukaenda kwa Abubakary mzamiaji, anayeuza samaki hai. Mimi macho yalinitoka kwa wa njano. Mzee akasema, "Mama Paska, sura utaizoea ndani ya wiki. Uliza anakula nini, analala wapi, na anagombana na nani."

Nikamwonyesha kikande mwingine, nikasema huyu ndiye wa kumletea, wa kabila lake, waliwazane. Mzee akatikisa kichwa. Akaniambia zamani aliwahi kuleta samaki wawili aina ya kangaja, wanaofanana kama mapacha, akidhani watapendana. Walipigana mpaka mmoja akaruka nje akafia kwenye zulia. "Samaki hagombani sana na asiyefanana naye," akasema. "Anagombana na wa sura yake, kwa sababu huyo ndiye anataka chakula kile kile na shimo lile lile."

Chewa alimkataa kwa sababu ya ukubwa wa mdomo wake, maana chochote kinachoingia humo hakitoki. Wadogo wote akawakataa, akasema hao ni vitafunwa. Akachagua wawili tu. Mmoja ni kangaja, mkubwa wa kutosha asitishwe, anayekula mwani na kulala upande wa wazi. Wa pili ni mkunga, yule mrefu kama nyoka, anayeshinda tundu la chini na kutoka akisikia harufu ya ngisi. Kila mmoja na chakula chake, kila mmoja na kitanda chake. Tulirudi na ndoo mbili kwenye bajaji, dereva akigeuka kila taa nyekundu kutazama kama mkunga bado yumo.

Hakuwaingiza moja kwa moja. Kwanza wakakaa stoo, kwenye tangi dogo, mpaka akahakikisha hawana ugonjwa. Kisha akaweka katikati ya tangi kubwa ubao wa plastiki wenye matundu, wageni huku, mwenyeji kule, wanaonana lakini hawafikiani. Kikande aliugonga ule ubao kwa meno usiku na mchana. Baadaye akawa anaugonga asubuhi tu. Baadaye akaacha.

Leo asubuhi ubao umetolewa. Lakini kabla ya kuutoa Mzee alifanya kitu ambacho sikukitegemea. Alikunja mkono wa shati, akaingiza mkono tangini, akapangua mawe yote. Nyumba ya kikande, shimo alilolala miaka yote hiyo, akalivunja akaliweka kwingine. Kikande akamng'ata kidole. Nikamuuliza kwa nini anamwonea mzee mwenzake.

"Siku wageni wanapoingia, mwenyeji naye ahame," akasema huku namfunga plasta. "Wote wawe wageni. Hapo hakuna wa kusema hapa ni kwangu."

Halafu akatazama nje barabarani, wanaposukuma mikokoteni. Akasema, "Na mimi si napanguliwa mawe, Mama Paska." Baada ya hafla anahamia Mafia kwa binti yake Husna, kwenye chumba ambacho bado hajakiona. Nikaendelea kufunga plasta, nikaizungusha mara nyingi kuliko ilivyohitaji.

Kwa niaba ya wenzangu wa mapokezi, jikoni, ulinzi na usafi, nasema ahsante, Mzee Uwesu. Ahsante kwa mizigo, kwa jagi, kwa tende. Ahsante kwa kulitaja jina langu mbele ya mwenye hoteli. Mwanangu amejifunza kusema "mkunga" kabla hajajua kusema "samahani", na lawama hiyo ni yako.

Na huko uendako tunakuombea chumba kikupokee. Tunakuombea jirani ambaye hafanani na wewe hata kidogo, asiyetaka kiti chako wala kikombe chako, aje tu akae. Tunakutakia siku njema na nyingi, na simu yako iwe hewani, kwa sababu mimi nitakuwa na maswali ya

Mzee ananiita. Ameinama pale kwenye kioo na Paskalina, anaita kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, Mama Paska, weka kalamu, ametoka, wanakula wote watatu, njoo kabla