Sinki la Marumaru la Wodi ya Mahututi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Waziri. Mkurugenzi wa hospitali yetu ya Naividamu. Wazee mlioleta kinywaji cha yanggona na mikeka. Wauguzi wenzetu: bula vinaka, hamjambo nyote.

KARIBU
Sisi wauguzi wa wodi ya mahututi tunakupokea kwa mikono miwili. Tumesikia bahari ilichafuka na umetapika njia nzima kutoka mji mkuu, Suva. Pole sana. Inatufariji kuwa na kiongozi anayejua kuumwa, japo kwa saa chache.

HISTORIA
Wodi yetu ina vitanda vitano. Miaka mitatu iliyopita tuliomba mashine ya kupumulia, tukaletewa sinki la marumaru, nawe ukaja kulizindua. Tulishukuru, maana mgeni haulizwi zawadi aliyoiacha. Sinki lina bomba la shaba na kibao chenye jina lako. Ila maji yake hupiga moja kwa moja kwenye tundu la chini, na matone huruka hadi kitanda cha nne na cha tano.

MAFANIKIO
Fanikio letu ni moja, nalo ni Sista Merewalesi Tuinasau.

Februari tulimpokea Momo Apisalome, mkaushaji wa mbata aliyeungua tanurini. Alilazwa kitanda cha nne, akaanza kupata nafuu, akawa anatutania kwamba ameiva upande mmoja tu. Siku ya tisa homa ikapanda. Damu yake ikaoteshwa ili kuona kijidudu gani kimo, na Shalendra wa maabara akamwona bakteria asiyemfahamu. Akaandika kwamba chupa ya damu iliingia uchafu tu. Momo alifariki Jumapili, kwaya yake ikiimba nje ya dirisha.

Wiki tatu baadaye mwalimu Kamla Wati, mgonjwa wa figo wa kitanda cha tano, akapata homa ileile, na bakteria yuleyule. Shalendra akasema tena ni uchafu. Merewalesi akashuka maabara.

"Kaka Shalendra," akamwambia, "huo uchafu una macho? Mbona unachagua kitanda cha nne na cha tano tu?"

Shalendra akafungua vitabu vyake. Bakteria huyo huishi kwenye maji na mabomba. Mtu mwenye afya hamfanyi kitu. Humngoja aliyelemewa, mwenye mrija mshipani, akapita humo hadi kwenye damu. Mwalimu Kamla alikuwa akipewa dawa kali kuliko zote, ile tunayoifungia kwa kufuli, na bakteria akaistahimili kana kwamba ni chai. Tukampoteza.

Aliyefuata ni Vilimaina, mama wa watoto wanne, aliyekuja na nimonia. Safari hii Merewalesi hakungoja. Homa ilipopanda tu alichukua damu, akachota na ute wa kwenye tundu la sinki. Katika vyote viwili akaota bakteria yuleyule. Shalendra akamjaribu bakteria huyo kwa dawa moja baada ya nyingine, hadi akaipata ya zamani, iliyosahaulika rafuni. Daktari wa wodi akaianzisha siku hiyohiyo. Vilimaina yuko kwao sasa, na wiki iliyopita alituletea mihogo.

CHANGAMOTO
Merewalesi alilifunga sinki kwa mfuko wa plastiki na plasta, akiomba ling'olewe. Plasta ikapita juu ya kibao. Mkurugenzi, ambaye tunamheshimu na ambaye ameketi kulia kwako, akamwita ofisini.

"Sista, umeziba jina la Mheshimiwa."

"Nimeziba tundu, Daktari. Jina lilikuwa njiani."

Akapewa barua ya onyo kwa kudharau mali ya serikali, akahamishiwa chumba cha kufulia. Plasta ikabanduliwa, marumaru ikang'arishwa. Mwezi huohuo bakteria alirudi kitanda cha nne. Marehemu aliitwa Tomasi Waqanivere. Jina lake halipo kwenye kibao chochote, ndiyo maana tunalisoma hapa.

MAOMBI
Tunaomba sinki ling'olewe. Kama kuling'oa kunakuuma, tutalibeba wenyewe hadi ofisini kwako, ambako watu wana afya njema. Tunaomba Sista Merewalesi arudishwe wodini. Mashuka ni meupe sana siku hizi, lakini wagonjwa wanamhitaji zaidi.

Mwisho, ratiba yako inasema sasa utaingia wodini, utanawa mikono kwenye sinki hilo, nawe utapigwa picha. Tusamehe. Asubuhi ya leo, kabla hujateremka feri, tumelifunga tena, wote kumi na tisa, kila mmoja kwa kipande chake cha plasta, na kila kipande kimeandikwa jina la aliyekibandika. Mkurugenzi asipate taabu ya kuuliza; barua kumi na tisa za onyo zinatosha. Maji ya kunawa tumekuwekea kwenye ndoo mlangoni, pamoja na sabuni.

Mungu akujalie safari tulivu ya kurudi, na akuepushe na kitanda cha nne.

Ni sisi,
Wauguzi wa Wodi ya Mahututi, Naividamu, pamoja na mmoja aliyeko chumba cha kufulia.