Jaketi la Mke

Mjukuu wangu alinisimulia haya jana jioni, nyusi zake bado zina chumvi. Boti ya kasi ilikuwa ikiwarudisha kutoka visiwa vya mawe ya chokaa. Mwongoza watalii alikuwa amehesabu majaketi ya kujiokolea badala ya vichwa, na yakatimia.

Nyuma ya mjukuu wangu, mama mmoja mshonaji alimuuliza bwana asiyemjua, "Kaka, hilo jaketi la pili mapajani ni la nani?"

"La mke wangu. Alisema nimshikie, anachungulia pango."

Mwanamume ukimwambia ashike kitu, hushika.

"Na mwenyewe?"

"Yuko boti ya mbele. Tukinuniana hakai na mimi."

"Amepanda bila jaketi, shemeji?"

Bwana akalitazama jaketi. "Huwa ananifuata," akasema.

"Leo ungemfuata wewe."

Boti ikageuzwa kurudi pangoni. Walimkuta juu ya jiwe, maji yamemfika magotini, viatu mkononi. Akapanda, akampita mumewe, akaketi kwa mshonaji.

"Dada, bega lako lina mtu?"

"Halina, mwenzangu. Egemea."

Mume akaanza kueleza kwamba jaketi la mkewe halikulowa hata kidogo. Boti ilipofika gatini alikuwa bado anaeleza, na mkewe amelala.