Fundi Aliyeshona Akiwa Amesimama

Ndugu, jamaa na marafiki, tunamsindikiza dada yetu mkubwa, mliyemjua kama Fundi Wima. Aliagiza kwamba ugonjwa uliomsumbua miaka mingi usomwe hapa waziwazi, hata watoto wakiwepo. Mwanawe wa kwanza alimwambia, "Mama, watu watasema nini?" Akamjibu, "Watasema nilipona." Kwa hiyo utasomwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Juni 1956 katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana, akajulikana kwa mwandiko mzuri na kwa kutolewa nje kila mara kwa sababu ya kuchekesha wenzake. Mwaka 1972 alianza kujifunza ushonaji, na mwaka 1977 akafungua chumba chake mwenyewe, jirani na duka la dawa.

Tarehe 4 Novemba 1978 alifunga ndoa na fundi saa wa mtaa wa pili, wakajaliwa watoto wanne. Dada alisema alimpenda kwa sababu ndiye mteja pekee aliyeleta suruali ipunguzwe, akasubiri bila kuuliza imefikia wapi.

Baada ya mtoto wa nne, dada alianza kushona akiwa amesimama. Aliinua meza ya cherehani yake ya mkono kwa matofali, kiti akakigawa. Watu walidhani ni maringo, wakampa jina, naye akalipokea kwa kicheko. Ukweli ni kwamba kila alipokwenda haja kubwa, nyama ilichomoza nje. Aliirudisha kwa mkono, akanawa, akaendelea na kazi. Aliamini ni bawasiri, na aliona haya kumwambia hata mumewe. Harusini hakuketi, msibani hakuketi, nasi tukamsifu kwa uchapakazi.

Mwaka 2009, akiinua jora la kitambaa, nyama ile ilitoka ikakataa kurudi. Alimpigia simu mdogo wake, ndiye mimi ninayesoma. Tulikwenda hospitali akiwa amelala kifudifudi kwenye kiti cha nyuma cha teksi. Daktari wa upasuaji, binti wa umri wa mwanawe, alimpima bila kukunja uso, akairudisha nyama taratibu, kisha akamwambia, "Mama, hii si bawasiri. Sehemu ya mwisho ya utumbo imelegea, imetoka mahali pake. Tutaipandisha, tuishone kwenye mfupa wa chini ya mgongo ili isishuke tena."

Dada akamuuliza, "Wewe unashona umekaa au umesimama?"

"Nimesimama, mama."

"Basi tutaelewana."

Alipasuliwa tarehe 19 Agosti. Hadi leo nastaajabu kwamba mikono ya mtu huingia tumboni mwa mwenzake, ikashika kitu laini namna ile, ikakishona kwenye mfupa, na mwenye tumbo akaamka akaulizia chai. Shemeji alipoelezwa yote, alimshika dada miguu muda mrefu. Nilipopita kazini kwake baada ya kupona, nilimkuta ameketi, anashona. Nililia palepale mlangoni, naye akaniambia niache kuziba mwanga.

Tangu hapo, kila alipompima mwanamke kiuno, alimuuliza kwa sauti ya chini, "Na choo unapata vizuri, mama?" Wengine walikasirika wakabeba vitambaa vyao. Wengine walirudishia mlango, wakazungumza naye mpaka chai ikapoa. Aliyehitaji kusindikizwa hospitali, alimsindikiza.

Dada alifariki nyumbani tarehe 2 Februari 2024 kwa ugonjwa wa moyo, mumewe akiwa pembeni yake. Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu tisa na sisi wadogo zake wawili. Ameacha pia wanawake waliotibiwa kwa sababu aliwauliza. Majina yao hakumtajia mtu, hata mimi, na leo naamini wamekuja kumzika.

Na kama hapa kuna anayeficha bado, dada aliagiza aambiwe hivi: nenda, mwanangu, wanashona vizuri.

Tumeyasoma yote, dada. Pumzika kwa amani.